Je, Wajua? Nani Alihesabu Safari Yako ya Jana

Je, wajua kwamba kabla katapila halijafika mtaani kwenu, kuna mtu alipaswa kubisha hodi na kuuliza swali moja: "Jana ulikwenda wapi?" Barabara, reli, kivuko na kituo cha basi vilivyopangwa vizuri huanzia kwenye swali hilo. Marekani walianza kulipeleka nyumba kwa nyumba mwaka 1944, katika miji kama Tulsa na New Orleans. Kabla ya hapo wataalamu walisimama kando ya barabara wakihesabu magari. Gari likipita linakuambia kwamba limepita. Halikuambii limetoka wapi, linakwenda kufanya nini, wala nani amebaki nyumbani kwa kukosa nauli.

Je, wajua kwamba kazi yote ya kukadiria safari za mji na vitongoji vyake imesimama juu ya maswali manne? Watu watafanya safari ngapi? Watakwenda wapi? Watatumia chombo gani? Watapita njia ipi? Utaratibu huo ulikomaa Detroit kuanzia 1953 na Chicago kuanzia 1955, na tafiti zote mbili ziliongozwa na mtu mmoja, J. Douglas Carroll. Mji hukatwa vipande vinavyoitwa kanda, kisha kila kanda huulizwa maswali hayo manne. Kwa Dar es Salaam ni sawa na kuuliza: asubuhi Mbagala inatoa watu wangapi? Kati yao wangapi wanaelekea Kariakoo, na wangapi Posta? Wangapi watapanda basi, wangapi bodaboda, wangapi watakanyaga kwa miguu? Na wenye magari watashika Barabara ya Kilwa au watazungukia kwingine? Jibu la kwanza likikosewa, yale matatu yanayofuata hulibeba kosa hilo hadi kwenye zege.

Je, wajua kwamba enzi kompyuta moja ilipokuwa inajaza chumba kizima, ofisi ya utafiti ya Chicago ilijitengenezea mashine ya kuchora safari kwa mwanga? Waliiita Cartographatron. Ilisoma rekodi za safari moja baada ya nyingine, ikachora kila safari kama mstari ulionyooka kwenye kioo kinachofanana na cha televisheni, huku kamera ikiwa wazi, ikiikusanya mistari yote kwenye picha moja. Unaona mji mweusi tii, na katikati yake nyuzi nyeupe zimesongamana kiasi kwamba haziwezi tena kutenganishwa. Mistari hiyo iliitwa mistari ya matamanio: njia ambayo mtu angeifuata kama mbele yake pasingekuwa na nyumba, mto wala ukuta. Sijaona jina zuri kuliko hilo katika fani nzima ya uchukuzi.

Je, wajua kwamba kanuni ya Newton ya uvutano hutumika kukadiria nani atakwenda soko gani? Mwaka 1891 mhandisi wa reli huko Vienna, Eduard Lill, alichapisha kanuni ya safari aliyoipata kwa kuchunguza abiria wa reli: miji mikubwa huvutana zaidi, na mvuto hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Mwaka 1955 Mmarekani Alan Voorhees akaileta kanuni ya namna hiyo kwenye mipango ya miji. Ndiyo maana mtu wa Bunju anapita maduka mengi njiani na bado anashukia Kariakoo: wingi wa bidhaa zilizoko kule unashinda umbali.

Je, wajua kwamba namna simu yako inavyokutafutia njia fupi ilizaliwa mkahawani? Mwaka 1956 Mholanzi Edsger Dijkstra alikuwa madukani Amsterdam pamoja na mchumba wake. Wakachoka, wakaketi kwenye baraza la mkahawa kunywa kahawa. Kwa dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi, akapata utaratibu wa kutafuta njia fupi kuliko zote kati ya mji na mji. Aliuchapisha mwaka 1959. Leo modeli ya mji mkubwa huurudia utaratibu wa aina hiyo mara nyingi mno, kutoka kila kanda hadi kila kanda, ndipo iseme kesho barabara gani itajaa.

Je, wajua kwamba dakika ya kusubiri si sawa na dakika ya kukaa garini? Kwenye modeli, dakika unayosimama kituoni kwa kawaida hupewa uzito mara 2 au zaidi ya ile unayokaa ndani ya basi. Uzito huo umetokana na jinsi watu wanavyochagua: wengi wako radhi kukaa garini muda mrefu zaidi mradi wasisimame kituoni. Aliyewahi kusimama Buguruni, Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni, wingu limetanda, anajua hivyo mwilini. Kwa hiyo nchi inayotaka watu waache magari yao nyumbani inaweza kupata zaidi kwa basi linalokuja kila baada ya dakika 5 kuliko kwa basi lenye viti vizuri linalokuja kila nusu saa.

Je, wajua kwamba foleni ina kanuni yake ya hesabu? Idara ya barabara ya serikali ya Marekani iliitoa mwaka 1964, na wapangaji wengi bado wanaitumia. Chukua idadi ya magari, igawe kwa uwezo wa barabara, jibu lipandishe kwa kipeo cha nne, kisha lizidishe kwa 0.15. Kinachopatikana ndiyo sehemu ya muda wa barabara tupu inayoongezeka. Tuipige pamoja. Barabara ikiwa tupu unaimaliza kwa dakika 20. Ikijaa kufikia uwezo wake, utatumia dakika 23, na huenda hata usione tofauti. Magari yakizidi uwezo kwa nusu, unafika dakika 35. Yakiwa maradufu ya uwezo, unafika 68. Foleni haipandi ngazi moja moja. Inatulia, inatulia, halafu inaruka. Ndiyo maana siku shule zikifungwa, magari yanapungua kidogo tu na barabara inafunguka kabisa.

Je, wajua kwamba kila dereva akichagua njia iliyo bora kwake, jumla yake inaweza kuwa mbaya kwa wote? Mwingereza John Glen Wardrop alilieleza hilo mwaka 1952. Mwaka 1968 Mjerumani Dietrich Braess akaenda mbali zaidi, akaonyesha kwamba kuongeza barabara mpya kunaweza kumchelewesha kila mtu. Wengi wakisikia hivyo hukataa. Basi chukua kalamu.

Magari 4,000 yanatoka mji mmoja kwenda mwingine, na njia ziko mbili. Njia ya kwanza inaanza na daraja jembamba, inamalizia kwa barabara pana. Ya pili inaanza na barabara pana, inamalizia kwa daraja jembamba. Barabara pana ni dakika 45 siku zote. Daraja linategemea magari: gawanya idadi yake kwa 100, umepata dakika. Madereva wanajigawa nusu kwa nusu, 2,000 kila upande. Darajani dakika 20, barabarani 45, jumla 65. Sasa serikali inajenga kipande kifupi katikati kinachounganisha daraja na daraja, kipitike mara moja. Kila dereva anaona njia ya mkato na kila mmoja anaifuata. Magari yote 4,000 yako kwenye daraja la kwanza: dakika 40. Yote tena kwenye la pili: dakika 40. Jumla 80. Atakayekaidi na kurudi njia yake ya zamani atatumia 85, kwa hiyo harudi. Fedha zimetumika, utepe umekatwa, na kila mtu anachelewa dakika 15 zaidi ya jana.

Na je, wajua kwamba kuna mji uliobomoa barabara ya juu katikati yake na maisha yakaendelea? Ni Seoul, Korea Kusini. Barabara ya Cheonggyecheon ilianza kuvunjwa mwaka 2003, na mto uliokuwa umefukiwa chini yake ukafunguliwa 2005. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 2004, mji uliupanga upya mtandao wake wote wa mabasi. San Francisco nayo ilipoteza barabara ya juu ya Embarcadero kwa tetemeko la 1989, na badala ya kuijenga upya wakaibomoa. Leo watu wanatembea hapo wakitazama bahari.

Je, wajua kwamba Anthony Downs aliandika tangu 1962 kwamba barabara kuu ya mjini ikipanuliwa, saa za msongamano itajaa tena? Aliyekuwa anatoka alfajiri kukwepa foleni anarudi saa ya kawaida. Aliyekuwa anapita barabara nyingine anahamia. Aliyekuwa anapanda treni anachukua gari. Houston, Texas, waliipanua Katy Freeway, kazi ikaisha 2008, na sehemu yake pana zaidi ina njia 26 ukihesabu na zile za pembeni. Kati ya 2011 na 2014 muda wa safari saa za msongamano ukawa unapanda tena. Mwaka 2011 Gilles Duranton na Matthew Turner wakachapisha takwimu za miji ya Marekani zinazoonyesha kwamba kilomita zinazoendeshwa hukua karibu sawasawa na kilomita za barabara kuu zinazojengwa. Modeli isiyoweka jambo hili huahidi mji mwepesi ambao hauji.

Je, wajua kwamba makadirio ya abiria yaliwahi kusaidia kumpatia mtu tuzo ya Nobel? Kabla ya reli ya BART kufunguliwa 1972 kwenye eneo la ghuba ya San Francisco, makadirio rasmi yalisema itabeba asilimia 15 ya safari za kwenda kazini. Daniel McFadden na wenzake waliwauliza watu wachache wanavyosafiri, wakapima muda na gharama ya kila chombo ambacho mtu angeweza kukitumia, wakasema itakuwa asilimia 6.3. Treni zilipozoeleka, ikapimwa: asilimia 6.2. Nobel yake ya uchumi ilikuja mwaka 2000. Siri yake ilikuwa kumtazama mtu mmoja mmoja akichagua, badala ya kuitazama kanda nzima kana kwamba ni kiumbe kimoja.

Lakini wakadiriaji wengi hukosea, na kwenye reli hukosea upande mmoja. Bent Flyvbjerg na wenzake walikusanya miradi 210 ya nchi 14, wakachapisha matokeo 2005. Katika miradi 9 kati ya 10 ya reli, abiria waliotabiriwa walikuwa wengi kuliko waliotokea, na makadirio yalizidi ukweli kwa wastani wa asilimia 106. Kwenye barabara, nusu ya miradi ilikosea kwa zaidi ya asilimia 20, juu au chini. Makosa ya bahati mbaya yangekwenda pande zote mbili. Yanapoelemea upande mmoja kama yale ya reli, mwananchi ana haki ya kuuliza ni nani alilipia hesabu na alitaka kusikia nini.

Tupite haraka kidogo.

Je, wajua kwamba tangu 1962 sheria ya Marekani inataka kila eneo la mji lenye watu zaidi ya 50,000 liwe na mpango wa uchukuzi unaoendelea, unaogusa vyombo vyote, na unaofanywa kwa ushirikiano, ndipo lipate fedha za barabara za serikali kuu?

Wajua kwamba Portland, Oregon, wajumbe wa baraza linalopanga uchukuzi wa eneo zima huchaguliwa moja kwa moja kwa kura za wananchi? Kwa Marekani ni wao peke yao.

Wajua kwamba maabara ya Los Alamos, ilikotengenezwa bomu la kwanza la nyuklia, miaka ya 1990 ilitengeneza programu ya kuigiza safari za mji mzima, mtu mmoja mmoja, kuanzia anapoamka?

Wajua kwamba Singapore ilianza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji mwaka 1975? Na kwamba William Vickrey, aliyeitetea hoja ya tozo hizo kwa miongo kadhaa, alipata Nobel 1996 na akafariki siku tatu baada ya kutangazwa? Stockholm ilifanya jaribio la miezi saba mwaka 2006. Magari yanayovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa karibu asilimia 20, na wananchi waliokuwa wakipinga mwanzoni wakaipitisha kwa kura.

Wajua kwamba Kigali imekuwa ikifunga baadhi ya barabara zake kwa magari tangu 2016, siku maalumu za Jumapili, ili watu wakimbie, watembee na kuendesha baiskeli?

Wajua kwamba inasemwa daladala ilipata jina kwa sarafu ya shilingi 5 iliyoitwa "dala", na matatu kwa senti 30, yaani sarafu tatu za senti 10? Vyombo vyote viwili vimebeba nauli yake katika jina.

Sasa tuje kwenye kuunganisha vyombo, maana hapa ndipo Afrika Mashariki na Kongo zina mengi ya kuonyesha.

Je, wajua kwamba Tanzania ina reli za vipimo vitatu tofauti? Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyokamilika 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ina milimita 1,067. Reli ya kisasa, ambayo treni zake za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ina milimita 1,435. Kati ya ile ya zamani na TAZARA tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vinne vilivyobanwa. Kwa vidole vinne hivyo behewa la Kigoma haliwezi kwenda Mbeya. Ili mizigo ishushwe na kupakiwa upya, kilijengwa kituo huko Kidatu, kikafunguliwa 1998.

Je, wajua kwamba katika Ziwa Viktoria treni hupanda meli? Mv Umoja na Mv Uhuru zina reli sitahani. Meli hufunga gatini, reli ya nchi kavu ikaungana na reli ya meli, na mabehewa yakasukumwa ndani na mizigo yake bila mfuko mmoja kuguswa. Mwanza hadi Port Bell, Kisumu hadi Port Bell. Zilijengwa miaka ya 1960, zikalala muda mrefu, zikarudishwa kazini: Umoja 2018, Uhuru 2019.

Je, wajua kwamba kuna njia ya kutoka bahari ya Atlantiki hadi bahari ya Hindi iliyofumwa kwa treni na meli kwa zamu? Weka kidole kwenye ramani uifuate. Kutoka Matadi treni hadi Kinshasa, reli ya 1898. Meli juu ya mto Kongo hadi Kisangani. Hapo maporomoko ya Boyoma yanazuia, kwa hiyo unashuka na kupanda treni ya kilomita 125 hadi Ubundu, reli ya 1906. Meli tena hadi Kindu. Treni hadi Kalemie. Meli kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma. Treni ya mwisho hadi Dar es Salaam, reli iliyofika Kigoma 1914. Vipande 7, kubadili chombo mara 6, na kuanzia Kisangani hadi pwani unaweza kuzungumza Kiswahili na wapagazi, makarani na mama ntilie wa kila kituo. Waliojenga walifikiria shaba, mpira na pembe. Abiria hawakuwa kwenye hesabu zao, na hadi leo anayesafiri njia hiyo hulipa kwa siku za kusubiri gatini, zile dakika nzito nilizozitaja.

Wajua pia kwamba Mv Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, yenyewe ilisafiri kwa vyombo vingi kabla haijaelea? Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye maelfu ya makasha, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka uliofuata. Waingereza wakaiibua 1924.

Na kontena? Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston na makontena 58. Mwenye wazo, Malcom McLean, alikuwa tajiri wa malori. Alichokiona ni kwamba mzigo hupoteza muda na fedha nyingi pale unapobadilisha chombo. Hasara hiyo hupimwa hata Mombasa: mkataba wa Ushoroba wa Kaskazini wa 1985 uliziunganisha nchi zinazoitegemea bandari hiyo, na ofisi yake hufuatilia lori linakaa muda gani bandarini, mizani na mpakani. Kwa mfanyabiashara wa Bujumbura au Goma, siku moja mpakani ni bei juu ya kila mfuko wa saruji.

Je, wajua kwamba mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza Mei 2016 kwa njia ya kilomita 21, yanaishia hatua chache kutoka kwenye kivuko cha Kigamboni? Unashuka basi Kivukoni, unavuka uwanja, unaingia pantoni. Hilo ndilo kuunganisha vyombo: miguu, basi, miguu, pantoni, miguu tena au bajaji upande wa pili. Mwaka 2018 mji huo ulipewa Tuzo ya Uchukuzi Endelevu. Nikipita pale hutazama zile hatua chache za katikati. Jua linapowaka, mama ana ndoo ya samaki kichwani na mtoto mgongoni, ubora wa safari yake yote uko kwenye kivuli, sakafu na foleni ya tiketi ya hapo katikati, mahali ambapo si pa basi wala si pa pantoni.

Je, wajua kwamba mwanajiografia wa Sweden, Torsten Hägerstrand, aliwauliza wenzake mwaka 1970 watu wako wapi katika hesabu zao? Alisema mtu hasafiri kama maji kwenye bomba. Ana saa 24, ana mwili mmoja, lazima awe mahali fulani saa fulani, na muda unaobaki kati ya lazima na lazima ndio unaoamua anaweza kufika wapi. Kutokana na wazo hilo zimetoka modeli za leo zinazofuata siku nzima ya mtu badala ya safari moja ya kazini.

Tuchukue siku ya mfano, ya mama mmoja wa Mbagala. Saa kumi na moja na nusu alfajiri anamtembeza mtoto kwa jirani. Anatembea hadi kituoni. Anapanda basi hadi Kariakoo. Saa nane anapitia genge, anabeba mfuko. Anashukia zahanati kuchukua dawa ya mama mkwe. Anatembea kwa jirani kumchukua mtoto. Anatembea nyumbani. Safari 7. Dodoso la zamani linalouliza "unakwenda kazini kwa chombo gani" litaandika moja: basi. Mhispania Inés Sánchez de Madariaga alizipa jina safari hizo nyingine, akaziita safari za kulea, na akataka zihesabiwe kama kundi lake badala ya kutawanywa kwenye "manunuzi", "ziara" na "mengineyo". Naungana naye kwa moyo wote. Ukizijumlisha ndipo unapoona kwamba mji mzima unasukumwa nazo kila asubuhi.

Je, wajua safari fupi huwa zinapotelea wapi? Modeli ya kawaida huziweka barabarani safari zinazotoka kanda moja kwenda nyingine tu. Inayoanza na kuishia ndani ya kanda moja haipangiwi barabara yoyote. Na safari ya namna hiyo, mara nyingi, ni ya miguu. Niliwahi kushika fomu ya kuhesabu kwenye njia panda moja, asubuhi moja. Ilikuwa na safu za gari dogo, daladala, basi kubwa, lori, pikipiki. Unachora vijiti vinne, cha tano unakikata mlalo, unaanza upya. Vijiti vya pikipiki vilijaa hadi pambizoni. Watu waliokuwa wakipita mbele yangu, wanafunzi, wauza maandazi, mafundi na mifuko yao ya zana, hawakuwa na safu.

Nairobi waliwawekea safu. Utafiti mkubwa wa uchukuzi uliofanywa kwa msaada wa shirika la Japani, JICA, na kutolewa 2006, ulikuta kwamba karibu nusu ya safari za mji ni za miguu mitupu. Uganda ilipitisha sera ya wasiotumia vyombo vya moto mwaka 2012. Nairobi ikapitisha yake 2015, na ndani yake imeandikwa kwamba asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi iende kwa wanaotembea na waendesha baiskeli.

Je, wajua kwamba ratiba za mabasi ulimwenguni huhifadhiwa kwenye mafaili mepesi ya maandishi, moja la vituo, moja la njia, moja la safari, kwa mpangilio uliobuniwa mwaka 2005 baada ya mfanyakazi wa shirika la mabasi la Portland kuchoka kutafuta ratiba mji kwa mji? Mpangilio ule ulidhani kila basi lina ratiba na kila kituo kina kibao. Matatu hazina ratiba, na vituo vingi vinaishi midomoni mwa makonda. Basi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa MIT na Columbia, wakapanda matatu, simu mkononi, njia baada ya njia. Kila gari liliposimama waliandika jina la mahali kama abiria anavyolitaja. Wakakusanya njia zaidi ya 130. Konda alizijua siku zote, abiria alizijua siku zote. Mwaka 2014 zikatoka zote pamoja kwenye ramani moja, kila ushoroba na rangi yake, na mtu wa Nairobi akaweza kuweka kidole pale anaposhukia.